Mlango Wazi na Kiti Kilicho Karibu

Mtu akisimama katika barabara ya Banda, katikati ya jiji la Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia, ataona jumba la mawe lenye nguzo kubwa mbele yake, na ngazi pana, na sanamu mbili za simba zinazoulinda mlango. Jumba hilo ni maktaba ya McMillan. Watu wengi hupita mbele yake kila siku wakienda sokoni, kazini na msikitini, na wengi wao hulitazama kwa macho tu, kisha wakashika njia yao. Mmoja aliyepita hivyo kwa muda mrefu sana ni mzee mmoja wa mtaa wa Kaloleni, ambaye sasa amekwisha pita umri wa miaka 80. Habari yake si ya ajabu, wala hakutenda jambo la kuandikwa katika vitabu vya historia. Walakini ndani ya habari hiyo limo jambo ambalo kila mpenda maendeleo yafaa alifikiri kwa utulivu.

Mwaka 1960 mzee huyu alikuwa kijana wa miaka 16. Alikuwa ametoka Kitui, amemaliza darasa la nane na kufaulu mtihani wake, lakini karo ya shule ya juu haikupatikana nyumbani. Baba yake alikuwa na mbuzi wachache, na wadogo zake walikuwa wanne. Basi kijana akaja Nairobi kwa ndugu ya mama yake, akapata kazi ya utarishi katika ofisi moja ya mjini. Kazi yake ilikuwa kuchukua barua na mafurushi madogo, na kitabu cha kutiwa sahihi chini ya kwapa, kutoka ofisi hii kwenda ofisi ile, kutwa kwa miguu. Katika safari zake alilipita jumba lile la nguzo pengine mara nne kwa siku.

Alijua kwamba ndani mna vitabu, kwa kuwa alikuwa ameuliza. Alijua pia kwamba vitabu hivyo havikuwekwa kwa ajili yake. Jambo hilo hakuna aliyemwambia kwa ukali. Lilijulikana tu, kama mtu ajuavyo kwamba shamba fulani lina mwenyewe.

ASILI YA JUMBA

Yafaa kwanza kueleza jinsi jumba lenyewe lilivyopatikana. Lilijengwa kwa ukumbusho wa Sir William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, akaja Afrika ya Mashariki, akawa na shamba kubwa sana huko Juja. Alifariki mwaka 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Lady Lucie McMillan, alipenda jina la mumewe likumbukwe kwa nyumba ya vitabu, na Carnegie Corporation ya New York ikasaidia kwa fedha. Jumba likafunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1938 likatungiwa sheria yake lenyewe. Kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu peke yao.

Mwaka 1949 shirika la UNESCO lilitoa tamko lake la kwanza juu ya maktaba za umma, likasema kwamba maktaba ya namna hiyo yapasa kuwa wazi kwa watu wote kwa usawa, bila kujali kazi ya mtu, wala dini, wala tabaka, wala rangi yake. Tamko hilo lilisomwa katika nchi nyingi. Katika barabara za Nairobi, mlango ule wenye simba ulikaa vilevile kwa muda wa miaka mingine zaidi ya kumi.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Waafrika wa siku zile hawakupata kitabu kabisa. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, ambayo ilitoa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi hizi, ikapeleka masanduku ya vitabu mahali mbalimbali, na kuwaazima watu vitabu kwa njia ya posta. Kijana yule wa Kitui alikuwa ameliona sanduku la namna hiyo shuleni kwao. Lilikuwa sanduku la mbao. Mwalimu alikuwa akilifungua siku ya Ijumaa, na watoto wakapanga mstari. Sanduku lile halikuwa na nguzo wala ngazi, lakini lilikuwa na hekima moja kubwa: lilimfuata msomaji mahali alipo. Hekima hiyo kijana hakuitambua wakati ule, bali maisha yake yote yalikuja kumrudisha hapo.

TARISHI WA PITTSBURGH

Katika habari ya jumba la Nairobi limo jina la Carnegie, na jina hilo lina kisa chake kinachostahili kusimuliwa.

Andrew Carnegie alizaliwa Dunfermline, katika nchi ya Scotland, mwaka 1835, mtoto wa mfuma nguo. Kazi ya baba yake ilipoharibika kwa sababu ya mashine mpya, jamaa nzima ilihamia Marekani mwaka 1848. Kijana alianza kazi katika kiwanda cha pamba, kisha akawa tarishi wa simu za maandishi katika mji wa Pittsburgh, akipeleka habari kutoka mlango hata mlango. Huko alikuwako bwana mmoja, Kanali James Anderson, aliyekuwa na vitabu vipatavyo 400 nyumbani mwake, naye alikuwa akiwaazima vijana wa kazi kila Jumamosi. Baadaye ikaamuliwa kwamba nafasi hiyo ya bure ni ya vijana wanaofundishwa kazi za mikono, na tarishi hakuhesabiwa miongoni mwao. Carnegie hakunyamaza. Aliandika barua katika gazeti, akatoa hoja zake, na mwisho mlango ukafunguliwa kwa matarishi pia.

Kijana huyo alipokuwa mtu mzima akawa tajiri mkubwa wa chuma cha pua, na sehemu kubwa ya mali yake aliitoa kwa kazi za elimu. Maktaba zaidi ya 2,500 zilijengwa kwa fedha zake katika nchi mbalimbali, na chama alichokiunda, Carnegie Corporation, kiliendelea na kazi hiyo baada ya kifo chake mwaka 1919.

Basi fedha zilizotokana na tarishi aliyezuiwa mlangoni zilisaidia kujenga jumba ambalo tarishi wa Nairobi alilipita mara nne kwa siku pasipo kuingia. Mzee wa Kaloleni aliisoma habari hiyo akiwa na mvi tayari, akacheka peke yake hata miwani ikamwanguka.

SIKU YA NGAZI

Mwaka 1962 Baraza la Jiji la Nairobi lilichukua usimamizi wa maktaba ya McMillan, ikawa maktaba ya watu wa rangi zote. Habari ikaenea mjini. Tarishi aliambiwa na mwenziwe wakati wa kula, akasadiki nusu, akakataa nusu. Jumamosi moja, baada ya kazi kwisha saa saba, akaenda kujionea mwenyewe.

Alipanda ngazi. Simba hawakumfanya neno. Mlango ulikuwa wazi kweli, na ndani palikuwa na kivuli na ubaridi na harufu ya karatasi nzee. Watu kadhaa walikuwa wameketi penye meza wakisoma, Wazungu na Wahindi na Waafrika wawili waliovaa koti na tai. Kijana alikuwa amevaa akala, viatu vile vilivyokatwa katika mipira ya magari. Alipopiga hatua ya tatu alisikia mlio wa akala zake juu ya sakafu, na mlio huo ukamjia kama kelele za ng'ombe kanisani. Akasimama. Hakuna aliyeinua kichwa. Hakuna aliyemwuliza neno. Akageuka, akashuka ngazi, akaenda zake.

Katika kuisimulia habari hii mzee husisitiza jambo moja: hakufukuzwa na mtu. Alijifukuza mwenyewe. Siku ile alikuwa na haki ya kuingia kama mtu mwingine yeyote, na haki hiyo ilikuwa imeandikwa na kutangazwa, lakini miguu yake ilikuwa haijapata habari. Hakurudi tena katika jumba lile kwa muda wa miaka mingi.

Watu wa serikali na watu wa vyama hudhani mara nyingi kwamba kazi imekwisha pale kizuizi kinapoondolewa. Kizuizi kikiondolewa, kweli, kazi kubwa imefanyika, wala si jambo la kudharau. Lakini mtu aliyekaa nje kwa muda mrefu huwa amejifunza kukaa nje. Mlango wazi humwambia kwamba anaweza kuingia, na bado haujamwambia kwamba anangojwa.

CHUMBA CHA KALOLENI

Miaka ikapita. Tarishi akawa karani, akaoa, akapata makao Kaloleni. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na jamaa zao, nyumba za mawe zilizo chini chini, na uwanja katikati, na jumba la mikutano ambalo wazee wa siasa walilitumia sana siku za kudai uhuru. Humo mtaani Baraza la Jiji lilikuwa na tawi la maktaba, na tawi la pili lilikuwa Makadara, mbele kidogo katika upande huo huo wa mashariki ya jiji.

Tawi la Kaloleni lilikuwa chumba tu, si jumba la kumtisha mtu. Mtoto aweza kufika kwa miguu akitoka shule, na mama aweza kumwita kwa sauti akiwa amesimama penye jiko lake. Huko ndiko binti wa kwanza wa karani alikokuwa akienda kila jioni kufanya kazi aliyopewa na mwalimu. Nyumbani palikuwa na chumba kimoja cha watu sita, na redio, na wageni kutoka Kitui waliokuja kutafuta kazi na kulala penye mkeka. Nafasi ya kuandika ilikuwa juu ya kitanda. Katika tawi palikuwa na meza, na taa, na ukimya.

Jioni moja mvua ilikuwa ikinyesha, na karani akaenda na mwavuli kumchukua binti yake. Akamkuta bado ana kurasa mbili. Mwanamke aliyekuwa akitunza maktaba akamwambia, "Karibu baba, keti umngojee." Akaketi. Mtu aliyeketi mbele ya rafu ya vitabu bila kazi, mkono wake hautulii. Akavuta kitabu kimoja, kidogo, jalada limechakaa. Kilikuwa kitabu cha Kiswahili cha ufugaji wa nyuki. Babu yake alikuwa mtu wa mizinga, kama walivyo wengi wa nchi ya Kitui, na karani alijidhania anajua yote ya nyuki. Alipofika ukurasa wa tano akaona kwamba hajui hata nusu. Binti yake alipomaliza kuandika ikambidi yeye kumngoja baba.

Siku ya pili alikwenda bila mwavuli. Baada ya mwezi alikuwa na kadi yake mwenyewe. Hivyo mtu aliyeshindwa kuingia mlango mkubwa akiwa kijana, aliingia mlango mdogo akiwa na watoto, pasipo hata kutambua kwamba ameingia. Alipostaafu alirudi Kitui kwa miaka kadhaa, akaweka mizinga ya kisasa 12, na asali yake ikamsaidia kulipa karo ya wajukuu. Yeye hasemi kwamba kitabu kile kilimtajirisha. Husema kwamba kilimwonyesha jambo ambalo angaliendelea kulikosea.

SHINA NA MATAWI

Wako watu wanaouliza, kwa nini jiji litumie fedha kwa vyumba vidogo vilivyotawanyika, hali liko jumba kubwa katikati? Jibu lake lapatikana kwa kuuhesabu mwendo wa mtoto. Kutoka Makadara hata barabara ya Banda ni mbali kwa miguu ya mtoto wa miaka tisa, na njiani kuna barabara ya Jogoo yenye magari yasiyongoja mtu. Nauli ya kwenda na kurudi ni bei ya mboga za jioni. Mzazi mwenye busara hatamruhusu mtoto huyo kwenda peke yake, na mzazi mwenye kazi hana saa ya kumpeleka. Hivyo vitabu vilivyo katikati ya jiji, hata vikiwa vingi namna gani, kwa mtoto yule ni kama havipo. Vitabu 500 vilivyo karibu na mlango wake vyamfaa kuliko 50,000 asivyoweza kuvifikia.

Hata hivyo tawi likikaa peke yake hunyauka. Chumba kidogo hakiwezi kuwa na kila kitabu. Vitabu vyake huisha kusomwa, na msomaji aliyekwisha vyote huchoka. Ndiyo maana miji iliyoendelea katika jambo hili haina maktaba moja moja zisizojuana, bali ina mfumo mmoja: orodha moja ya vitabu, kadi moja ya msomaji, na njia ya kuvihamisha vitabu kutoka jumba kuu kwenda matawini na kurudi. Mtoto akitaka kitabu kisichopatikana Kaloleni, mfumo mzuri humletea. Ni hekima ile ile ya sanduku la mbao, nayo imewekewa utaratibu.

Liko na jambo jingine linalounganisha matawi yote ya ulimwengu, nalo ni tarakimu iliyoandikwa katika mgongo wa kitabu. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alitoa utaratibu wa kupanga vitabu kwa kuyagawa maarifa yote katika mafungu 10. Sayansi huanzia 500, ufundi na ukulima huwa katika 600, fasihi katika 800, historia na jiografia katika 900. Nyuki wako 638. Utaratibu huu hutumika katika maktaba nyingi za umma duniani. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza kuzisoma tarakimu hizo katika chumba cha Kaloleni anaweza siku moja kuingia maktaba ya London au ya Dar es Salaam asikojua mtu, akazisoma rafu, akaenda moja kwa moja mahali anapotaka. Hatakuwa mgeni kamili. Elimu hiyo ndogo ni kama kufunzwa salamu ambayo watu wa nchi nyingi wanaijua.

MIAKA YA VUMBI

Ingekuwa vizuri kusema kwamba tangu siku zile mambo yalizidi kuwa mema, lakini haikuwa hivyo. Kenya ilipata sheria ya Kenya National Library Service mwaka 1965, na huduma hiyo ya taifa ikajenga maktaba katika miji mingi. Lakini maktaba za jiji la Nairobi zilibaki mikononi mwa Baraza la Jiji, ambalo lilikuwa na mambo mengi ya kushughulikia, maji na taka na barabara. Jiji likakua upesi kupita kiasi. Fedha za vitabu vipya zikapungua, rangi ikabanduka, vitabu vikazeeka vikiwa rafuni. Mtu aliyetaka kusoma habari za nchi yake, au kitabu katika lugha ya mama yake, alikuta vingi vilivyo mbele yake vilichaguliwa zamani kwa ajili ya wasomaji wengine.

Tena haifai kuwatupia lawama wakubwa peke yao. Kurasa zilikatwa kwa wembe na wasomaji wenyewe. Vitabu viliazimwa visirudishwe. Mali ya umma ina hatari hii, kwamba kila mmoja hudhani mwenyewe ni mwingine. Mzee wa Kaloleni hukumbuka kwamba kitabu kile cha nyuki alikitafuta tena miaka mingi baadaye, asikione. Huenda kiko katika kasha la mtu mpaka leo, hakisomwi.

Mwaka 2010 Kenya ilipata katiba mpya, na katika katiba hiyo maktaba zimetajwa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Basi tangu mwaka 2013 wajibu wa maktaba ya McMillan na matawi yake mawili uko kwa Kaunti ya Nairobi. Mwaka 2017 wanawake wawili, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, waliunda chama kiitwacho Book Bunk, na mwaka 2018 wakapatana na kaunti hiyo kuzitengeneza maktaba hizo tatu na kuzitia uhai upya. Jambo la kuangaliwa ni hili: matawi ya Kaloleni na Makadara yalitangulia kutengenezwa kabla ya jumba kuu. Paa, sakafu, taa na viti vilishughulikiwa kwanza mahali ambapo watoto huishi. Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya mwaka 2023, alipelekwa kuiona maktaba ya Makadara. Zamani mgeni wa cheo kama chake angepelekwa penye nguzo.

Kazi haijakwisha. Matawi mawili kwa jiji la watu zaidi ya milioni nne ni machache mno, na mitaa mingi ya Nairobi ina watoto wanaoandika juu ya kitanda. Mji hauwezi kujisifu kwa jumba lake la vitabu wakati kiti cha karibu kabisa na mtoto wa Kayole au Kawangware hakipo. Kaunti yapaswa kuulizwa habari hiyo kila bajeti inaposomwa, na wa kuuliza ni wazazi. Wazazi nao wana wajibu wa pili usiongoja bajeti: kumshika mtoto mkono mara ya kwanza, kumtafutia kadi, na kuhakikisha kwamba kitabu kilichokuja nyumbani kinarudi.

SIKU YA NGAZI MARA YA PILI

Mzee alikwisha rudi Nairobi kukaa na binti yake, yule wa kurasa mbili, ambaye sasa ni mwalimu. Mjukuu wake mdogo kabisa, msichana wa miaka 11, huenda katika tawi la Kaloleni karibu kila siku, na huwafundisha watoto walio wadogo kuliko yeye namna ya kuzisoma tarakimu za vitabu, kwa sauti ya ukali kidogo kama ya mama yake.

Siku moja ya likizo ya Agosti, miaka michache iliyopita, walikuwa mjini pamoja kununua viatu vya shule, wakapita barabara ya Banda. Msichana akauliza, "Babu, kumbe hii ndiyo McMillan? Tuingie."

Mzee akasema kwamba wamechelewa, na kwamba wakati mwingine watavaa vizuri ndipo waje. Mtoto alitazama miguu yake, akaona ndara zake za plastiki, hakuelewa zinahusiana nini na vitabu. "Babu, ni maktaba tu," akasema, akaanza kupanda ngazi. Hakuwatazama simba.

Mzee akamfuata polepole, mkono penye ukuta. Ndani mlikuwa na kivuli kile kile na harufu ile ile ya karatasi. Ndara za mtoto zikapiga sakafu, pa, pa, pa, kutoka mlangoni hata penye meza, na watu wawili watatu wakainua vichwa, kisha wakaendelea kusoma. Mtoto hakuzisikia. Alikuwa akitafuta rafu ya 590, fungu la wanyama, kwa kuwa Kaloleni alikuwa amevimaliza vyote.

Mzee akavuta kiti, akaketi kumngojea.